Miaka Thelathini na Moja ya Kusema "Bado"

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya matengenezo ya nyumba, anastaafu mwenzetu ambaye jina lake la kwenye kitambulisho wengi tumeshalisahau. Wapangaji, makarani, hata mkurugenzi, wote wanamwita Fundi Bado.

Jina hilo alilipata kwa haki. Mpangaji akilalamika kwamba hita yake ya maji imezeeka na anataka mpya, fundi alikwenda, akaikagua kwa utulivu wake wote, na mara nyingi akarudi na neno moja kwenye fomu: bado. Wauzaji wa hita hawakumpenda hata kidogo. Sisi tulimwamini, kwa sababu siku alipoandika "badilisha" hakuna aliyethubutu kubisha.

Alianza kazi akiwa mbeba ngazi, na ufundi aliupata kwa kuchungulia nyuma ya mabega ya wakubwa. Katika sanduku lake la spana kulikuwa na vikombe viwili vyeupe. Kimoja alikingia maji ya baridi, cha pili maji ya moto. Vyote vikitoka na rangi ya kutu, tatizo ni bomba. Kikitoka hivyo cha moto peke yake, tangi linaoza kwa ndani. Mama mmoja alipoviona aliingia jikoni na kurudi na birika la chai, akidhani fundi huyu ana utaratibu wa kutembea na vyombo vyake. Fundi hakumkatisha tamaa. Alikunywa, akaviosha, ndipo akaanza kazi.

Kanuni zake zilikuwa nyepesi. Hita inayovuja kwenye kiungo, kaza nati uende zako. Inayovuja kwenye mwili wa tangi haina daktari. Ikipita miaka kumi, kaiangalie kila mwaka. Maji ya moto yakiisha kabla mtu wa pili hajaoga, anza kuitilia shaka. Na zaidi ya yote, tega sikio, kwa maana tangi lililojaa mashapo hugugumia kama sufuria ya maharage. Sikio lake lilikuwa maarufu. Alikuwa akiingia nyumba ya mtu, anaomba redio izimwe, na watoto wote wanabana pumzi.

Msidhani hakuwahi kuteleza. Hita ya mama mkwe wake ilikuwa juu ya dari, ikifikiwa kupitia bafu la ndani kabisa, ambalo huingii bila kupita chumba cha kulala. Fundi akaona haya kukanyaga chumba cha mkwewe. Alisimama ukumbini, akasikiliza kupitia mlangoni, akasema bado. Siku ya tisa tangi lilipasuka, dari ikashuka pamoja na maji yote juu ya kitanda. Mkwe alikuwa jikoni, tunashukuru. Kesho yake fundi alikuja karakanani akatusimulia mwenyewe, mbele ya wote, bila kupunguza hata tone. Mama mkwe alicheka siku hiyohiyo. Mkewe, tunavyosikia, alinuna mwezi mzima. Tangu hapo hakuna fomu inayotiwa saini hapa na mtu ambaye hajaligusa tangi kwa mkono wake.

Mwaka jana tulitumwa pamoja, yeye na mimi, kwa mama mmoja mwenye mapacha wachanga. Aliwaogesha kwenye beseni chini ya hita yenye miaka kumi na minne. Vikombe vyote viwili vilitoa maji safi. Redio ikazimwa. Mimi nililisikia tangi likigugumia waziwazi. Fundi alilipapasa ubavuni, akatega sikio kwa muda mrefu, kisha akaandika bado.

Nikabeba sanduku tukaondoka. Ningeanzia wapi kumsahihisha mtu aliyenifundisha kushika spana? Lakini usingizi haukuja, kila nikifumba macho naliona lile beseni. Asubuhi nilimkuta akipanga vifaa, nikamwambia nilichosikia, na kwamba nina mashaka yeye hakusikia. Aliniuliza kama nina hakika. Nilipojibu ndiyo, alichukua kofia yake tukarudi kwa yule mama hata kabla ya chai.

Tulipolishusha tangi, kidole changu kilizama kwenye kitako chake. Fundi alifuta neno lake kwenye fomu, akaandika badilisha. Tulipofika ofisini aliomba karatasi nyingine, akamwandikia mkurugenzi kwamba masikio yake yamechoka, na hataki kusubiri nyumba ya mtu iporomoke ndipo aamini. Mkurugenzi alikuwa tayari kumwongezea miaka miwili. Alikataa, na muda wote uliobaki ameutumia kutufundisha sisi kusikiliza.

Fundi, siku ile ulinipa mkono ukaniambia asante. Leo nairudisha. Asante ni yako, kwa kukubali neno la mdogo wako bila kinyongo. Karakana nzima inakuombea afya, mapumziko marefu na nyumba yenye furaha. Jumanne nilipita kwa yule mama kukagua hita mpya. Mapacha wamesimama dede, na mmoja wao alinisukumia mlango wa bafu.