Daftari Lililoloa Mafuta ya Migebuka

Ndugu zangu, leo mmenishika. Miezi yote nakaa kule nyuma, nasikiliza ya wenzangu mlioacha pombe, nakunywa chai yenu, naondoka. Basi nami niseme yangu, ila naomba msinipigie makofi.

Hapa Buzebazeba mnanijua kama fundi baiskeli. Miaka ile wakimbizi walipokuwa wanavuka ziwa nilikuwa na kazi nyingine. Kwa kuwa Kiha chetu na Kirundi chao vinasikilizana, niliwekwa ufukweni kuandika majina ya wanaoshuka. Kila alasiri nilitakiwa kuyasoma kwa sauti, ili aliyepotezana na nduguye asikie kabla malori hayajawapeleka kambini.

Sasa pale Bangwe, jirani na ufukwe wenyewe, palikuwa na kibaa cha mabati. Muziki wa Kikongo unausikia hadi kifuani, bia ya bei chee, na migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyokaangwa ikakauka, na limau na pilipili. Raha ilikuwepo, nisiwadanganye. Nilianza kwenda baada ya kusoma majina. Halafu nikawa naenda kabla, najisemea nitasoma kesho. Daftari naliweka mezani hapohapo, likaloa mafuta ya samaki.

Aliyekuwa anakaanga alikuwa binti mmoja mkimbizi. Ananiletea maji ya kunawa, anarudi jikoni, anasimama mlangoni kunitazama. Mimi, mjinga, nikadhani nimependeza. Chekeni tu.

Siku moja kuni zilikuwa mbichi, samaki wakachelewa. Hata bia sijaagiza. Yule binti akaja, akapiga goti.

"Shikamoo, baba. Wewe ndiye mwenye daftari la majina?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Namtafuta mama yangu. Tulipanda mitumbwi tofauti."

Akamtaja. Nikafungua. Jina lilikuwepo, mwandiko wangu mwenyewe, la wiki tano nyuma. Mama yule alikaa ufukweni siku nne nzima, hatua chache tu kutoka kwenye karai la mwanawe, ndipo akapandishwa lori. Siku zote nne sikusoma.

"Mbona hukuniuliza mapema?" Nilisema kwa ukali, ndugu zangu, kama vile kosa ni lake.

"Niliomba kazi hapa kwa sababu niliambiwa wewe hukosi. Lakini kwetu mtu anayekula hasemeshwi, baba. Nilikuwa nasubiri umalize. Na ukimaliza, unakuwa umelewa."

Kesho yake tulipanda lori pamoja hadi kambini. Mama alikuwa amezikwa juzi yake. Homa. Binti alilia, kisha akanishukuru kwa kumsindikiza. Akanishukuru! Nami habari ya zile siku nne nikaimeza.

Nilirudi kunywa kuliko mwanzo. Kazi ikaniponyoka, nyumbani nikawa mzigo. Kila nikilewa namlilia mama wa watu, hadi mke wangu akachoka.

"Unalia ukiwa umelewa tu," akaniambia. "Nenda kalie mbele ya mwanawe, na akili zako."

Nilimfuata kambini bila kuonja hata tone. Nikamweleza binti yote, siku kwa siku. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nenda nyumbani, baba." Nikaenda. Tangu siku ile pombe sijaigusa, ingawa nawaambia kweli, kuna majirani watatu walionisindikiza kila jioni mwaka mzima ili nisipite Bangwe peke yangu. Wamo humu ndani, wanajijua. Asanteni. Na wewe mke wangu, asante kwa kutoninyamazia.

Nilikuwa najitetea kwamba sipigi mtu, siibi, nakunywa tu. Ndugu yangu uliyekuja leo mara ya kwanza, ukijisikia kusema hivyo, simama, nenda kamuulize anayekungoja.

Kwao amani iliporudi, binti aliondoka. Hakusema amenisamehe, na mimi sitasimama hapa mbele yenu kusema kwamba alinisamehe.