Kitambaa cha Mabawa

Benchi letu lipo mbele ya kibanda cha Kufuli, fundi wa funguo. Mguu mmoja ulivunjika zamani, tofali linafanya kazi yake. Ukikosa kuja, tunakusema hadi masikio yakuwashe. Mabawa, mwalimu wa karate, alikosa wiki nzima na hakuna aliyemsema. Anaishi peke yake juu ya duka la rangi. Kila mtu alidhani mwenzake ana habari zake. Leo kaja, jicho bado limevimba, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Vibaka watatu walimvamia wiki iliyopita akitoka kufundisha. Akaketi ncha ya benchi, akapewa kahawa, mahakama ikaanza.

— Watatu tu, Mabawa? — alisema Rimoti, ambaye biashara yake ni kuonyesha filamu. — Kwenye filamu mtu mmoja anawalaza ishirini, na kofia haimtoki!

— Kwenye filamu wanakuja mmoja mmoja. Hawa walikuja wote.

— Ungewapanga foleni, — alisema Kufuli.

Tukacheka. Mabawa naye alicheka, kwa upande wa mdomo usiouma.

— Na lile teke lako la kuruka? — Rimoti akauliza.

— Kwa ndala, ndugu yangu? Kwenye matope?

— Kosa lako ni ukimya, — Rimoti akakaza. — Wale wa kwenye filamu wanapiga ukelele kwanza. Ukelele ndio unaovunja mbavu, ngumi inafuata kuaga tu.

— Nilipiga ukelele. Hakuna aliyefungua hata dirisha.

— Basi kilichokosekana ni muziki! Bila ngoma utajuaje pa kuanzia?

— Ni upepo, — Kufuli akaamua. — Mashujaa wote nywele zinapepea. Huyu ana upara, upepo utamshika wapi?

Mabawa alizungusha kikombe kwa mkono wa kushoto.

— Tofauti ni moja tu, jamani. Kule wakimaliza kupigana, unamwona shujaa kitandani, kuna mtu anamfuta damu kwa pamba. Huku wakimaliza, unatafuta ndala zako.

— Ulizipata? — Rimoti akauliza.

— Moja.

Tukacheka tena, ila si sana.

Hapo akafika dada mshonaji aliyehamia juzi ng'ambo ya barabara, kaja kuchongesha ufunguo. Macho yake yakatua kwenye kitambaa. Fundo lilikuwa limekaa upande, na ncha zake zina alama za meno.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu.

— Nani kakufunga hivi?

Mabawa alitutazama mmoja mmoja. Kufuli akainua birika, akaliona tupu, akaendelea kulishika. Niliona aibu, na wenzangu pia.

Dada yule alikaa kando yake, akaanza kulegeza fundo polepole. Ndipo Rimoti akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

— Inauma?

— Sasa ndiyo inauma, — alisema Mabawa, machozi yakimtoka.