Rosaline Wangui Wekoye, Aliyekataa Kuzika Kilicho Hai

Marehemu Rosaline Wangui alizaliwa tarehe 9 Aprili 1969 katika shamba la wazazi wake, hayati Mzee Muigai na hayati Mama Mary Ann, nje kidogo ya mji wa Kitale. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano. Katika boma hilo uongo ulikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja sahani, na Wangui alivunja sahani nyingi.

Alisoma Kitale hadi kidato cha nne, mwaka wa 1986, kisha akahitimu diploma ya maabara mjini Mombasa mwaka wa 1990. Siku aliyoiona bahari mara ya kwanza aliionja kwa kidole, akamwandikia babake: "Baba, ni kweli ina chumvi. Nilidhani ni watu wanatia chumvi."

Tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa kanisani na Mwalimu Wekoye wa Myanga, Bungoma. Walijaliwa Derrick na Lenah. Yeye kazini Pwani, mumewe Myanga, ndoa hiyo iliishi kwa barua, simu na likizo, na haikutikisika. Wanaosingizia umbali wajifunze. Wangui alikuwa akiingia mlangoni na kusema, "Nimechoka, nataka kurara," naye Wekoye akimjibu, "Kalibu nyumbani, mama." Kisha kila mmoja akimsahihisha mwenzake r na l zake hadi chai ipoe.

Kwa miaka thelathini na mitatu alichunga matumbawe katika kituo cha utafiti huko Kwale. Shemeji yake Wakhungu alimtania, "Shemeji, ati umeajiriwa kuchunga mawe?"

"Si mawe, bana, ni wanyama. Ndani ya nyama yao kunaishi mwani mdogo kuliko vumbi la unga. Mwani unapika kwa jua, mnyama anatoa nyumba."

"Na wakikosana?"

"Bahari ikipata homa, mwani unaanza kupika sumu. Mnyama anaufukuza, anabaki mweupe na njaa. Lakini mweupe si maiti. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi."

Januari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Aprili mwaka huo bahari ilipata joto kali, na shamba la matumbawe alilolipanda kwa miaka tisa pamoja na akina mama wa kijiji likawa jeupe lote. Mkuu wake alimletea ripoti iliyosema yamekufa, ili yang'olewe na gati lijengwe mahali pale. Ilibaki sahihi ya Wangui tu.

"Mama, si kila mtu anaona ni meupe?" mkuu alimuuliza.

"Wameona. Mimi nimeyagusa, na bado yana nyama. Sitii sahihi ya kuzika anayepumua."

"Na yakifa?"

"Nitatia nikilia. Leo ni uongo."

Mkuu alimpa hadi mwisho wa Septemba kuona kama yatapona. Alirudi Myanga kutibiwa, akidhoofika, huku akiuliza kila asubuhi kama maji yamepoa. Wako waliomshauri aachane na mambo ya bahari ajishughulikie. Kesho yake aliuliza tena.

Tarehe 24 Septemba, akiwa amelazwa hospitalini Bungoma, picha ya matumbawe kutoka Kwale ilifika katika simu ya mumewe. Wekoye alipiga kelele wodi nzima ikageuka: "Yameludi! Mama, langi imeludi!"

Matamshi hayo Wangui alikuwa ameyasahihisha kwa miaka thelathini. Siku hiyo alitazama picha ile, matumbawe yakiwa na kahawia ya mwani uliorudi, akacheka, akasema, "Umesema sawa, Mwalimu."

Robo ya matumbawe ilikuwa imekufa kweli. Hilo nalo aliagiza liandikwe katika ripoti mpya, ndipo akaitia sahihi. Gati halikujengwa.

Alifariki tarehe 11 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Anayekwenda na mkono safi hakushindwa.

Ameacha mume wake, Mwalimu Wekoye; watoto wake, Derrick na Lenah; mkaza mwana, Roselyne; mjukuu, Kevin; na nduguze wanne wakiongozwa na Gathogo.

Apumzike kwa amani katika udongo wa Myanga. Alichokataa kukizika kingali hai baharini.