Nikitazama Sahani Yako

Kabla sijasema lolote hapa kanisani, yule anayekohoa pale karibu na dirisha apewe maji. Ndiyo, wewe. Sikuoni, lakini kikohozi chako nakijua. Msiogope, leo sitamtaja mtu jina. Kila mmoja atajijua mwenyewe. Na nitaongea Kiswahili, kwa sababu tuko na wenzetu Wakuria, na sitaki mtu aende akawaambie nilisema kitu ambacho sikusema.

Wengi mnanijua. Ni mjane, ni muuza omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, hapa Sori tangu nikiwa msichana. Nanunua asubuhi boti zikifika, naanika kwenye wavu mkuukuu uliotandikwa mchangani, nachambua mawe na konokono, nauza. Hiyo ni kazi ya macho. Asiyeona atakuuzia mchanga.

Ilianza miaka ile gugu maji lilipofunika ufuo, boti zikawa zinashindwa hata kutoka. Nilinunua wavu mwingine wa kuanikia, nikautandika. Pale katikati matundu yalikuwa yamepinda, kama kuna jiwe limeukalia. Nikavuta upande huu, nikavuta ule, bado. Nikamrudia aliyeniuzia nikamwambia, wavu wako umeshonwa na mlevi. Akautandika mbele ya watu, akaniuliza kwa upole, "Mama, umepinda wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Watu wakasema umenyooka. Mimi nikarudi nyumbani nikijua nimeibiwa.

Baada ya muda mlango wa nyumba yangu nao ukapinda. Mlango ambao marehemu mume wangu aliupima mwenyewe, nikiwa nimemshikia mbao. Halafu pale mistari ilipokuwa imepinda pakaingia doa, kama moshi uliokataa kuondoka. Nikikutazama naona nywele zako, naona mabega, naona mpaka mbwa anayepita nyuma yako. Uso hakuna. Jicho la kushoto ndilo lilitangulia, la kulia likawa linajikokota nyuma yake.

Sasa sikilizeni hapa, ndugu zangu, kwa sababu hili ndilo nililonyongewa. Niligundua kwamba nikitazama kando kidogo ya kitu, chenyewe kinajitokeza. Hakuna aliyenifundisha. Nikitaka kuona uso wako, natazama mkono wako. Kama unakula, natazama sahani yako. Hapo uso unakuja, si wote, lakini unakuja.

Wakati huo mke wa mwanangu alikuwa amezaa msichana, na mtoto akapewa jina la marehemu mama yangu. Mwanangu alikuwa visiwani akivua, tukabaki sisi watatu bomani. Yule mtoto nilikuwa na njaa ya uso wake, nawaambia ukweli. Nilijua jicho langu linaondoka. Kila nikipata nafasi namtazama, nikichukua kipande leo na kipande kesho, nijiwekee.

Siku moja tulikuwa na wageni, tumekaa tunakula. Mtoto alikuwa ameshaanza kula ugali wake mwenyewe, ameketi mbele yangu, anacheka. Nikaikazia macho sahani yake ili niuone huo uso ukicheka. Sikuondoa macho. Jioni tumbo likamsokota, akatapika.

Mama yake akaja mlangoni kwangu. Akaniuliza, "Mama, mbona ulikuwa unatazama chakula cha mtoto vile?"

Nikamwambia, "Nilikuwa namtazama mtoto."

Akasema, "Hapana. Wote tumekuona."

Wenzetu Wakuria, kwetu sisi Waluo kuna mtu anaitwa jasihoho. Akikutazama ukila, chakula kinageuka tumboni mwako, na watu husema unaweza kufa. Kitu hicho kwa kawaida huwa ni mama mzee. Huwa ni mjane. Sijawahi kusikia wakimshuku mwenye boti.

Nikajitetea kwamba sioni. Ndipo mmoja wenu akauliza, na sauti naikumbuka mpaka leo, "Kama haoni, mbona juzi alimfukuza kuku aliyekuwa anadokoa omena?" Kuku alikuwa kando, jamani. Kando naona. Lakini ukiwaambia watu kwamba unaona kuku na huoni uso wa jirani yako, nani atakuamini? Hata mimi nisingeamini.

Wateja wakahama. Nikipita sokoni nasikia vifuniko vya sufuria vinashuka, ka, ka, ka, mbele yangu. Na nyinyi mnaojua kuimba hapa, mliniita katikati ya kanisa hili, mkaniwekea mikono, mkaniambia niungame. Niungame nini? Nilisimama hapa hapa, nikakataa, mkasema shetani wangu ni mkaidi. Nimeshawasamehe. Nasema nimewasamehe, lakini msiniombe nisahau, hilo sijalifikia.

Mke wa mwanangu akamfunga mtoto mgongoni akaenda naye kwao Muhuru. Hakuniaga. Nilisimama langoni nikitazama kichaka kilicho kando ya njia, ili niwaone wakienda.

Sasa kuna mama mmoja wa Kikuria, anauza ndizi. Hatukuwa marafiki. Alikuja kwangu mchana na kibuyu cha uji, akakaa mbele yangu, akajimiminia, akanywa. Polepole. Nikamwambia, mama, wewe hujasikia habari zangu? Akajibu, "Nimesikia. Nitazame." Akanywa mpaka akamaliza kikombe, nami namtazama, nalia. Halafu akasema, "Hayo macho yana ugonjwa. Twende Homa Bay."

Nilienda na furaha. Nilijua ni ugonjwa wa mtoto wa jicho tu, utatolewa, nifungwe kitambaa, kikifunguliwa nione. Nilikuwa nimeshapanga nitapitia Muhuru moja kwa moja. Daktari wa macho akanimulika na taa yake, muda mrefu, hili na hili. Akachukua karatasi yenye mistari ya miraba na nukta katikati, akaniambia nitazame nukta nimweleze naona nini.

Nikamuuliza, "Nani alikupa wavu wangu?"

Ulikuwa ni wavu wangu kabisa, umepinda pale pale. Yule mama wa ndizi akasema yeye anaiona mistari imenyooka yote. Daktari akaweka karatasi chini, akanieleza taratibu. Alisema mtoto wa jicho huwa mbele, ni kioo cha jicho kinachoingia ukungu kwa uzee, na huo wanautoa. Wangu uko nyuma. Kule nyuma kuna ngozi nyembamba inayopokea picha, na katikati yake kuna mahali padogo sana panapofanya kazi yote ya kusoma, kutia uzi kwenye sindano na kumjua mtu kwa sura. Pale pana kazi nyingi, na kazi ina taka zake. Ukiwa kijana jicho linajisafisha. Ukizeeka linashindwa, taka zinabaki chini ya ile ngozi kama vumbi la njano, na juu yake panaanza kunyauka. Mimi nikaelewa kwa kazi yangu: usipofagia chini ya wavu, omena ya juu inaharibika.

Nikamuuliza dawa. Akasema hakuna. Nikamuuliza, kama ningekuja mapema? Akasema hata hapo asingekuwa na dawa. "Lakini ungejua, mama. Kando itabaki, hutakuwa kipofu wa giza. Katikati ndiyo inaenda. Ungejua cha kutazama wakati bado unaona."

Nilijua cha kutazama, daktari. Walikipeleka Muhuru.

Yule mama hakuniacha hapo. Alirudi akasimama mbele yenu, kwa Kiswahili chake cha Kikuria, akawaeleza yote, na karatasi ya miraba mkononi. Wengine mkaona aibu. Wengine mkaanza kununua omena yangu mkidhani ndiyo kuomba msamaha. Nilizipokea pesa. Leo nachambua kwa vidole, na nani amepata konokono kwenye omena yangu? Anyooshe mkono, ingawa sitamwona.

Na mke wa mwanangu akarudi. Habari zilimfikia, akaja, akapiga magoti, akasema, "Mama, nisamehe." Nikamwambia nimesikia. Mtoto akaletwa mbele yangu, amekuwa mrefu, anaongea. Akaniita nyanya yake kwa Kiluo, "Dani, ni mimi." Nikatazama sikio lake. Nikatazama bega lake. Nikazunguka kote. Jicho la kulia nalo lilikuwa limeshafunga katikati, ndugu zangu. Nilipata kivuli chenye sauti nzuri.

Tukapakua chakula. Yule mtoto akaketi mahali pake pa zamani, na alipoanza kula, akainamia sahani, akaifunika kwa mkono wake mdogo. Hakufanya kwa ubaya. Alifundishwa. Mpaka leo anafanya hivyo, na mama yake akimkataza analia.

Namshukuru Mungu aliyeniachia kando. Namshukuru yule wa ndizi, ambaye yupo hapa na amenikataza kumsifu. Namshukuru daktari kwa kuniambia ukweli. Funzo langu ni fupi. Mama yako akikwambia mlango umepinda, usimcheke, mpeleke. Na ukinisalimia, taja jina lako, usisubiri nikutambue halafu uende kusema ninaringa.

Naambiwa leo tunakula pamoja hapa baada ya ibada. Vizuri. Nitaketi katikati yenu, na nitazitazama sahani zenu, moja moja, bila haraka. Asifunike mtu. Ni nyuso zenu nitakuwa nazitafuta.