Agatha Tomaso Mrutu, Mtani Aliyepita Njia ya Mkato

Mpendwa wetu Agatha Tomaso Mrutu, ambaye wengi mnamjua kama Mama Redempta, alizaliwa Kilomeni tarehe 5 Februari 1954, siku ya Mtakatifu Agatha, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Tomaso na Mama Jenoveva Mrutu. Bibi yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alikohoa kidogo badala ya kulia, kisha akawatazama wakunga kana kwamba wao ndio waliochelewa. Hatuna shahidi, lakini familia imeamua kuiamini habari hiyo.

Alisoma shule ya msingi Kilomeni kuanzia mwaka 1963 hadi 1969. Asubuhi moja ya ukungu alichelewa, na mwalimu akiwa ameshika fimbo akamuuliza alikuwa wapi. Akajibu, "Shikamoo mwalimu. Nimeshafika hapa mara mbili, ila shule sikuiona." Mwalimu aliiweka fimbo chini ili acheke vizuri. Sisi watoto wake tulipomuuliza utani huwa anautoa wapi, alitujibu kwa mfano wa milima aliyokulia: "Mtu akianza kusema, naona anakoelekea. Basi mimi napita njia ya mkato, namsubiri mbele."

Baada ya shule alikwenda kuishi kwa shangazi yake kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, akajifunza biashara ya samaki. Mwaka 1975 alianza kuuza samaki katika soko la Same, na hakuiacha meza yake mpaka maradhi yalipomtoa. Tarehe 16 Oktoba 1976 alifunga ndoa na baba yetu, Raymond Mmbaga, fundi seremala na mtu mzito wa kucheka. Baba mwenyewe anakiri kuwa utani wa mama wa siku ya harusi aliuelewa siku ya tatu, akiwa peke yake anapiga randa, akacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Pale sokoni ndipo alipokutana na Hezroni Mtui, Mchaga wa Marangu, muuza ndizi. Wapare na Wachaga ni watani, Mpare hutaniwa kwa kupenda kesi na Mchaga kwa kupenda pesa, na hawa wawili waliushika utani huo kama kazi ya pili. Hezroni angemwambia, "Mpare wewe, huyu samaki umemvua hivihivi au umemshtaki kwanza?" Mama akamjibu, "Tulimshtaki, akashinda. Huyu ni shahidi wake." Baba yake Hezroni alipofariki mwaka 1998, mama alipanda Marangu kutimiza wajibu wa mtani. Mjane alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu msiba uanze. Mama akaingia sebuleni amevaa koti na kofia ya marehemu, ameshika fimbo yake, akaketi kwenye kiti chake, akakohoa kikohozi chake na kufoka, "Watu wote hawa nyumbani kwangu, na mimi bado sijaletewa chai?" Mjane alicheka huku ameshikilia mlango, kisha akaomba uji. Siku hiyo Hezroni alimwahidi mama kwamba zamu yake ikifika, naye atamtendea vivyo hivyo.

Tarehe 9 Agosti 2021 mama alipata kiharusi. Mkono wa kushoto ulilegea, lakini alizungumza, alisali, aliwatambua watu wote. Kilichopotea tulichelewa kukitambua. Hezroni alikuja kumjulia hali akamuuliza, "Mama Redempta, vipi, samaki wako wamekata rufaa?" Mama akamjibu taratibu, "Samaki hawawezi kukata rufaa, Hezroni. Ni samaki." Tulicheka sana, tukidhani ndiye yule yule. Akatutazama mmoja mmoja na kuuliza, "Mnacheka nini?" Mimi nilitoka nje nikalia.

Viongozi wa jumuiya yetu ya kanisani walihisi amekasirishwa na mtani wake. Na kwa kuwa sisi Wapare jambo haliishi bila kikao, baba mdogo Sifael akaitisha kikao. Hezroni alisomewa makosa, akakiri yote pamoja na mengine ambayo hakuulizwa, akatoa mkungu wa ndizi kuwa faini. Mama alipoombwa aseme neno la kusamehe, alisema, "Nashukuru kwa ndizi. Kesi ndiyo sijaielewa."

Daktari ndiye aliyetufungua macho. Alieleza kwamba mtu akisikiliza maneno, ubongo hutangulia kubuni yatakavyoishia. Yakiishia pengine, hurudi nyuma upesi kuunganisha mwanzo na mwisho, na ukishaunganisha ndipo furaha huja na kicheko. Upande wa kulia, ulioumia kwa mama, unasaidia sana katika kurudi huko. Hakuahidi kwamba uwezo huo ungerejea. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni kweli, daktari. Zamani nilikuwa naiona njia ya mkato. Sasa naona barabara tu."

Tangu hapo Hezroni alikuja kila alipopata nafasi, akamtania mama kwa miaka zaidi ya mitatu bila kujibiwa. Tulimwambia apumzike. Akasema mtani hana likizo.

Jumatatu ya Pasaka mwaka huu, tarehe 21 Aprili 2025, alimkuta mama amedhoofika sana. Kwa mara ya kwanza alikosa utani. Akakaa kando ya kitanda, akainamisha kichwa, machozi yakamtoka. Mama alimtazama kwa muda, halafu akasema, "Hezroni, mbona unalia mapema hivyo? Au kwenu machozi ya asubuhi ndiyo yenye bei nzuri?" Kisha mama akaanza kucheka yeye mwenyewe, kwa upande wa uso uliokuwa bado na nguvu, na safari hii hakutuuliza tunacheka nini. Hata baba alicheka papo hapo. Furaha ya siku ile hatutaisahau.

Kiharusi cha pili kilimchukua alfajiri ya Jumamosi, tarehe 3 Mei 2025, nyumbani kwake Same, baba akiwa amemshika mkono.

Mama ameacha mume, Mzee Raymond. Watoto watatu, Redempta, Tomaso na Jenoveva. Wajukuu saba, shemeji yake Sifael, soko zima la Same, na mtani mmoja. Familia imekubaliana kwamba leo Hezroni asizuiwe kwa lolote atakalofanya, hata akikutwa amejifunga kitenge cha marehemu na kukalia kiti chake. Akianza, tafadhali mcheke kwa sauti.

Jana alitujia na wasiwasi kwamba atashindwa, kwamba akifika kaburini atalia tu. Tulimwambia asijali. Maziko ni saa nane mchana, na bei ya asubuhi itakuwa imeshapita.

Tangulia salama, Mama. Utusubiri mbele.