Marehemu Nestory Kakuru na Kibanja cha Baba Yake

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Evaresta Kakuru, kitinda mimba wa mzee Celestin na mdogo wake marehemu. Familia iliponikabidhi kazi ya kuandika wasifu huu, wengine walinisihi niseme kwamba kaka alikuwa shujaa. Nimejaribu, nimeshindwa. Wengi wenu mnamfahamu. Kaka Nestory alikuwa mwoga toka utotoni mpaka Alhamisi iliyopita, na mimi niliyempenda sitamsingizia ushujaa wakati hawezi tena kunikatalia. Nitaeleza alichokiogopa, kwa sababu sisi tuliobaki tumekirithi na tumekuja nacho hapa shambani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 hapa hapa Nyakatuntu, wakati huo bado tukiwa wilaya ya Karagwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Celestin Kakuru na mama Edvina. Nyumba aliyozaliwa ni ile inayoonekana nyuma ya migomba, ingawa anayekaa humo sasa si wa kwetu. Alibatizwa na kupata kipaimara katika kanisa la Kilutheri la hapa kijijini. Alipokuwa na umri wa kutumwa, baba alimtuma maziwa kwa wafugaji kule mbugani. Ng'ombe wenye pembe ndefu walimjia kumnusa, naye akapanda juu ya kichuguu na chombo chake, akakaa huko mpaka mchunga mmoja alipopita na kumsindikiza nyumbani. Baba alipomuuliza kwa nini amechelewa, alijibu, "Tata, nilikuwa nawaangalia ng'ombe wa watu wasipotee." Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini na kumaliza darasa la saba mwaka 1986. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwalimu wake wa michezo alimpa kazi ya kutunza mpira wa shule, na kaka akawa analala nao kitandani akihofia ukiibwa utalipwa na baba. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, hivyo alipelekwa Kayanga kujifunza ushonaji, na mwaka 1990 alirudi nyumbani na cherehani yake mwenyewe, iliyokwisha tumika lakini nzima.

Kuanzia hapo marehemu alikuwa fundi na mkulima. Sare nyingi za shule zilizovaliwa Nyakatuntu na Kimuli zilipita mikononi mwake, na pindo za suruali aliziacha ndefu kwa makusudi ili mtoto akirefuka mzazi asinunue nyingine. Baba yetu alipofariki mwaka 2004, ukoo ulimkabidhi kaka kibanja hiki: migomba, mibuni na makaburi. Mama naye alizikwa humu mwaka 2011, ubavuni pa baba. Kaka alipalilia makaburi yale kila alipopalilia migomba, akiongea peke yake, akiwaeleza wazee bei ya kahawa.

Tarehe 11 Julai 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu Ninsiima, binti wa wafugaji wa Ihembe. Siku ya kwenda kujitambulisha, kaka alimsalimia baba mkwe "shikamoo" mara tatu, kila mara akiitikiwa "marahaba", kisha akanyamaza hadi tulipoondoka. Wasemaji wetu ndio waliomaliza maneno yote. Njiani tulimtania, yeye akasema, "Mradi hajanifukuza." Shemeji anasema alimpenda palepale, kwa sababu wanaume wengine waliokuja nyumbani kwao walisema sana. Mungu aliwajalia watoto wawili, Joyness na Benjamin.

Mwezi Oktoba 2018 shemeji aliugua tumboni, akapelekwa Mwanza kufanyiwa upasuaji. Kaka aliuza kahawa ikiwa bado maua mtini, ile biashara ya butura ambayo wote tunaijua na wote tunaikemea mpaka siku mgonjwa anapokuwa wa kwako. Fedha ile ilikwisha kabla shemeji hajatoka wodini, akahitajika kurudishwa chumba cha upasuaji. Mwezi Februari 2019 kaka alikwenda kwa bwana Jovitus, mfanyabiashara wa kahawa wa hapa Nyakatuntu, akaweka kibanja rehani kwa milioni sita. Walikubaliana kwamba bwana Jovitus angevuna kahawa na ndizi na kuweka mtu wake nyumbani, na kaka angelipa deni kidogo kidogo hadi tarehe 31 Desemba 2025. Siku hiyo ikipita deni likiwa limebaki, kibanja kinakuwa cha bwana Jovitus. Mashahidi walitia sahihi, mwenyekiti wa kitongoji akagonga mhuri.

Kwetu mtu akiuza kibanja au akikiweka rehani, husema kabla ya yote, "Makaburi hayamo." Mwenye fedha huitikia, nayo huandikwa. Kaka hakusema. Mimi siku hiyo nilikuwa Mwanza nikimuuguza shemeji. Niliporudi nikamuuliza mbona karatasi haitaji makaburi, akaniambia kwa kunisihi, "Eva, waitu, midomo ilikataa. Niliona nikiweka sharti hata moja atasema basi tuache. Na Ninsiima alikuwa huko analala na mrija." Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Shemeji yupo hai, amekaa pale mbele na kitenge cheusi. Shemeji, usijilaumu wewe pia.

Familia ilihamia Kayanga, katika chumba na sebule kwa mama Placidia, na cherehani ikawekwa barazani. Hapo ndipo kaka alipoanza maisha ya roho juu. Mnyambo aliyezaliwa katikati ya migomba alianza kununua ndizi sokoni, na ilimwuma kuliko deni lenyewe. Alikwenda saa ambazo watu wa Nyakatuntu hawapo, akachagua vile vikungu vidogo ambavyo hapa tungewapa mbuzi. Jioni alikaa na shemeji kugawa walichopata: kwanza fungu la bwana Jovitus, kisha kodi, kisha ada ya Benjamin, kisha umeme, na kilichobaki ndicho kikawa chakula. Siku ambazo hakikubaki kitu, shemeji alimwuliza, "Leo tupike uzi au vifungo?" Naye alijibu kwa adabu zote, "Vifungo vigumu, mama Joyness, pika uzi." Walicheka, kisha wakanywa uji.

Kodi ya mama Placidia ililipwa miezi mitatu mitatu. Wiki ya mwisho kabla ya kulipa, kaka hakula vizuri. Mwaka 2022 biashara ilipodorora alichukua mkopo wa kulipa kila wiki ili asikose kumlipa bwana Jovitus, na hapo akaongeza hofu juu ya hofu. Mkusanyaji wa mkopo alikuja kwa pikipiki. Niliwahi kukaa barazani nikaona: pikipiki yoyote ikipunguza mwendo barabarani, mguu wa kaka ulisimama juu ya cherehani, na haukuanza tena mpaka pikipiki ipite. Majirani walimshauri awe anajificha nyuma ya choo kama wanavyofanya wengine. Hakujificha hata siku moja. Msije mkadhani ni ushujaa. Aliniambia mwenyewe kwamba miguu ilikuwa haimwinui. Mkopo huo aliumaliza wote, na siku ya marejesho ya mwisho alilala mchana kutwa, watu wakadhani anaumwa.

Lakini woga wake mkubwa ulikuwa mmoja. Aliogopa kufa akiwa mpangaji. Alisema hivyo hata kwa wateja waliokuja kupunguziwa sketi. Mara moja alimwuliza mama Placidia, "Mama mwenye nyumba, mimi nikifa nikiwa hapa kwako, watu wataniweka wapi?" Mama Placidia, ambaye hana dogo, akamjibu, "Wewe lipa kwanza ya Julai, ya kufa tutaongea." Tulicheka sana siku ile. Kaka hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba huwa anaota amelazwa kwenye jeneza, watu wamelibeba, wanazunguka nalo barabarani kutoka Kayanga mpaka Nyakatuntu na kurudi, na kila mwenye shamba anasimama mlangoni akiwaambia wapite mbele.

Mwaka jana madaktari walimkuta na shinikizo la damu, na baadaye figo. Alipewa dawa za kumeza kila siku. Hakutuambia kwamba alikuwa anameza siku moja na kuruka siku moja ili dawa za mwezi zifike miezi miwili, na tofauti ile aliiweka kwenye fungu la bwana Jovitus. Joyness ndiye aliyegundua, akalia, akamwambia baba yake, "Tata, shamba litakusaidia nini ukiwa haupo?" Kaka akamjibu, "Nikiwa haupo ndipo litanisaidia." Alikosea kusema kwa haraka, alimaanisha nikiwa sipo, na Joyness akacheka huku analia. Naandika haya nikiwa na hasira. Nimemkasirikia kaka yangu na sijui nimpelekee nani hasira hiyo.

Tarehe 28 Agosti 2025 alivimba miguu na uso, akalazwa hospitali. Alituuliza mara kwa mara kama kodi imelipwa. Tulimwambia imelipwa, na ilikuwa kweli, kwa sababu mama Placidia alituma ujumbe kwamba ya miezi mitatu hii hataidai. Alhamisi tarehe 4 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Benjamin akiwa amemshika mkono, marehemu alifariki dunia. Alikuwa amelipa karibu milioni tano. Deni lililobaki ni milioni moja na laki mbili, na miezi iliyobaki si minne kamili.

Ukoo ulikaa siku hiyohiyo kuuliza swali la kaka: tumweke wapi. Wapo waliosema azikwe makaburi ya mji kule Kayanga. Mama Placidia alisema yupo tayari kutupa pembe ya shamba lake, na Mungu ambariki. Shemeji alisema neno moja tu, "Nyakatuntu." Basi nikaja mimi kwa bwana Jovitus. Alinipokea vizuri, akanipa kiti na kunipa pole. Nikamwambia, "Waitu bwana Jovitus, tunaomba tumlaze Nestory ubavuni pa mama." Aliangalia kahawa yake iliyoanikwa uani. Kisha akasema, "Mzikeni. Mwenzangu alikuwa mlipaji. Hayo mengine tutaongea baadaye." Nikashukuru nikaondoka, na nilipofika barabarani ndipo nilipoelewa "hayo mengine" ni yapi. Tukishindwa Desemba, kibanja kitakwenda na baba, na mama, na sasa kaka. Mwenye shamba anaweza kupanda, anaweza kujenga, anaweza kumuuzia mtu tusiyemjua. Toka siku hiyo sijalala vizuri, na shemeji hali kadhalika. Tunaogopa. Sina namna nyingine ya kulisema.

Marehemu ameacha mjane, Ninsiima. Watoto wawili, Joyness na Benjamin. Mjukuu mmoja ambaye hajafikisha mwaka. Na ndugu wawili tuliobaki, kaka yetu mkubwa Projest na mimi Evaresta. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wachungaji, majirani wa Kayanga, wanawake wa kikundi cha Kimuli walioleta ndizi na maharage, na mtu wa bwana Jovitus aliyeturuhusu kufunga maturubai hapa uani.

Mahali hapa katika ratiba ndipo huwa tunatangaza kwamba anayemdai marehemu aonane na familia baada ya mazishi, pembeni, kimya kimya. Safari hii tunaomba tusiende pembeni. Bwana Jovitus ameahidi kuwepo leo. Bwana Jovitus, mbele ya mchungaji na mwenyekiti na watu wote hawa, deni tunalikubali lote na tutalipa kadiri Mungu atakavyotujalia. Tunakuomba jambo moja ambalo kaka yangu aliogopa kuliomba mwaka 2019. Tulipe au tushindwe, makaburi yasiwemo. Hatua chache tu hapo chini ya migomba, zipimwe leo, ziandikwe, mwenyekiti agonge mhuri. Ukikataa tutaelewa, karatasi ni yako. Lakini utakuwa umeombwa.

Nimeyapeleka maneno haya steshenari yachapwe kwenye ratiba kwa sababu najijua. Mimi ni damu moja na Nestory. Nikisimama kusoma naweza kufika hapa midomo ikakataa, nikaruka moja kwa moja kwenye wimbo. Nikiruka, mnayo mikononi mwenu. Nawaombeni asome yeyote aliye karibu, kwa sauti.

Kaka, zamu yako ya kuogopa imekwisha. Lala.