Lavonne Stidham, Aliyemweka Jolene Benchi

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa. Jumatano tumemzika Lavonne Stidham, kocha msaidizi wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, Chuo cha Cutler Fork. Nasema kocha msaidizi. Hakuwahi kuwa kocha mkuu, na jioni hii nataka kuwaeleza kwa nini.

Wengi wenu hapa milimani mnamkumbuka. Mrefu, mabega mapana, sauti ya mkwaruzo kama mtu aliyeamka sasa hivi. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Alimtundikia ringi ya pipa kwenye ukuta wa banda la kuku, na binti akawa anatupa mpira pale asubuhi na jioni. Dada yake, Wilma, ameniambia hivi: "Kuku waliacha kutaga. Mama akalalamika. Baba akasema, mayai tutanunua."

Lavonne alichezea Cutler Fork, akahitimu, akabaki. Kocha mkuu wakati huo alikuwa Hobart Prewitt, mtu wa kupiga kelele mpaka shingo inakuwa nyekundu. Lavonne akawa msaidizi wake. Aliwafunga wasichana bandeji kwenye vifundo vya miguu kabla ya mechi, wasiteguke. Aliwaokotea mipira wakifanya mazoezi ya kutupa. Hobart akishamkaripia mtu, Lavonne ndiye aliyekwenda kukaa naye kwenye ngazi, wakanywa soda, wakazungumza mambo mengine kabisa.

Yeye pia ndiye aliyekwenda majumbani kuwatafuta wachezaji. Huko ndiko alikompata Jolene Napier, msichana mwembamba ambaye mpira ulimtii. Baba yake Jolene, Estill Napier, alimpokea Lavonne jikoni bila kumkaribisha kiti.

"Wewe ndiye mwenye timu?"

"Hapana. Mimi ni msaidizi."

"Sasa mimi nizungumze na msaidizi kwa nini?"

"Kwa sababu mwenye timu hatajua kama binti yako amelia. Mimi nitajua."

Estill alimtazama, kisha akamsogezea bakuli la maharage na kipande cha mkate wa mahindi. Jolene akaenda Cutler Fork.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, twende kwenye ile fainali. Machi, mwaka 1991. Cutler Fork haikuwa imewahi kuchukua ubingwa wa kanda, na haijauchukua mpaka leo. Ukumbi ulijaa. Kipindi cha pili, tukiwa tunaongoza, Hobart akamtukana mwamuzi. Akaonywa. Akamtukana tena, akatolewa nje ya ukumbi. Timu ikabaki mikononi mwa Lavonne.

Baadaye kidogo Jolene aliruka kugombea mpira, akaanguka chali, kichwa kikagonga sakafu. Aliinuka mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Lavonne akaomba mapumziko, akamshika mabega.

"Jolene, leo tunacheza na nani?"

"Kocha, niko sawa."

"Nimekuuliza tunacheza na nani."

Jolene akataja Beaver Gap. Beaver Gap ni shule ya sekondari. Alikuwa amecheza nao kabla hajafika chuoni.

"Kaa chini, mwanangu."

"Kocha, usinifanyie hivi. Baba yupo pale."

"Namwona. Kaa."

Ukumbi mzima ulizomea. Dereva wa basi letu, Doyle, akaja mbio kutoka korido.

"Hobart anasema mrudishe."

"Mwambie nimesikia."

"Na nini kingine?"

"Mwambie nimesikia, basi."

Jolene hakurudi uwanjani. Cutler Fork ilifungwa kwa pointi moja.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hadithi hii husimuliwa vibaya. Wako wanaosema daktari alikuta damu kichwani. Si kweli. Daktari alimpima Jolene, akampiga picha ya kichwa, hakukuta kitu. Baada ya siku chache msichana alikuwa mzima, anakula, ana hasira. Lavonne hakupata ushahidi wowote wa kumtetea.

Watu hawakumwacha. Dukani walimuuliza, "Lavonne, na mimi nipime kichwa? Nimesahau bei ya sukari." Estill Napier alimsimamisha nje ya kanisa mbele ya watu. "Ulisema utajua akilia," akamwambia. "Haya, analia." Jolene naye alimaliza chuo bila kumsemesha ila neno la lazima.

Wilma anakumbuka dada yake akiwa mezani, koti bado mwilini. "Nikamuuliza, kama daktari angekuta kitu, si ungepata nafuu? Akanigeukia. Akasema, 'Wilma, unataka mtoto wa watu awe mgonjwa ili mimi nionekane nilifanya sawa?'"

Hobart alipostaafu, Lavonne aliomba nafasi ile. Kamati ilimwita. Walimuuliza mengi, lakini mwishoni lilikuja lile lile: fainali ile ikirudi, ungefanya vipi? Akajibu, "Ningemkalisha." Wakamchukua mwanamume kutoka jimbo jingine, Ohio. Lavonne ndiye aliyemwonyesha swichi za taa za ukumbi zilipo.

Je, iliuma? Wilma anasema kwa wiki nzima vyombo vilioshwa kwa vishindo, na sahani mbili za mama yao zikavunjika. Kisha siku moja Lavonne akasema, "Iliniuma. Kazi ile nilikuwa naiweza." Akaendelea kuwafunga wasichana vifundo.

Miaka ikapita. Nywele zake zikawa nyeupe. Siku moja ya kiangazi gari likasimama mbele ya nyumba yake. Akashuka Jolene, sasa mama mtu mzima, pamoja na binti yake Kaylin, mrefu kumzidi. Vyuo vikubwa vilikuwa vinamtaka Kaylin. Wilma alikuwa barazani, na haya aliyasikia kwa masikio yake.

"Bado naamini tungeshinda," Jolene alisema.

"Hata mimi naamini mngeshinda."

"Nilikuchukia sana, Kocha."

"Najua."

Jolene akamsukuma binti yake mbele kidogo. "Nimemleta huyu."

"Kocha mkuu yuko ofisini kwake mpaka saa kumi."

"Sikuja kwa kocha mkuu."

Wilma anasema dada yake aliingia ndani kwa kisingizio cha kuleta chai ya barafu, akakaa huko muda mrefu. Kaylin alicheza Cutler Fork mpaka akahitimu. Lavonne akastaafu mwaka huo huo, akiwa bado kocha msaidizi. Moyo ulipoanza kumsumbua, Jolene ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali.

Wilma, dada yetu, pole sana. Kituo hiki kinalia pamoja nawe. Poleni wachezaji wote aliowalea, pole Jolene, pole Kaylin.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjalala, mfikirieni mtu aliyewahi kukuambieni hapana wakati kila mtu alikuwa anasema ndiyo, nanyi mkamchukia. Kama bado yupo, mpigieni. Mimi nanyamaza hapa kidogo, kwa ajili ya Kocha Lavonne.